Mashanta ya dizeli ya skeli: 08 inakwama kwenye pointi, V 60 ina namba ya mashaka

NjiaYaPili ameanzisha uzi:

Wakuu, salaam. Naanza mkusanyiko mdogo wa vichwa vya treni vya dizeli vya kushanti tu, vile vya kupanga mabehewa yadini. Vichwa vya safari ndefu sivitaki. Sharti ni moja: kila modeli iwe na kichwa halisi nyuma yake, na namba, rangi, kipindi na vifaa vyake viendane.

Kwa sasa viko viwili mezani, vyote vya mkono wa pili: Class 08 ya Uingereza (skeli ya OO) na V 60 ya Ujerumani (skeli ya H0); skeli ni kiasi ambacho modeli imepunguzwa kutoka kichwa halisi. Naomba msaada kwa haya:

1. Nikiviweka sambamba vinakaribia kulingana urefu, wakati najua V 60 halisi ni ndefu zaidi. Mtengenezaji gani kakosea?

2. 08 inakwama juu ya pointi (pale reli zinapogawanyika) kila ikienda polepole. Kwenye reli iliyonyooka haina shida. Reli ni safi. Dekoda (kifaa cha ndani kinachopokea amri za kidijiti na kuendesha mota) ni ya pini 8, haina sauti. Nimeshauriwa niongeze kapasita tu (kifaa cha kutunza umeme kidogo kwa muda mfupi), yaishe.

3. V 60 imebandikwa namba upya na mwenye nayo wa kwanza: 260 109-7. Kuna njia ya kujua kama iko sawa?

4. Kwa kichwa kijacho cha mkono wa pili, nikague nini kabla ya kutoa pesa?

---

Ekseli3 amejibu:

Karibu mkuu. Swali la kwanza ni jepesi: hakuna aliyekosea, ni skeli mbili tofauti. OO ni 1:76.2, H0 ni 1:87, ila zote hutembea kwenye reli za upana wa milimita 16.5, ndiyo maana watu huzichanganya bila kujua. 08 halisi ina mita 8.92 hivi kutoka bafa (vile vizuizi vya kupokea mgongano) za mbele hadi za nyuma. Gawa kwa 76.2 upate milimita 117. V 60 ina mita 10.45, gawa kwa 87 upate milimita 120. Tofauti ya mita moja na nusu ya vichwa halisi imebaki milimita tatu kwenye rafu yako. 08 hiyohiyo ikitengenezwa kwa H0 ingekuwa na milimita 102 na kidogo.

Kama unataka rafu yote iwe H0 lakini hutaki kuachana na ukoo wa 08, angalia NS 600 ya Uholanzi. Ilitengenezwa na English Electric miaka ya 1950, ina injini ya familia ileile ya 6KT, ekseli tatu na fremu ya nje ya magurudumu. Ukiiona kwa mbali utadhani ni 08 iliyopotea njia.

OO ina kasoro yake na inajitokeza zaidi kwenye 08 kuliko kwenye kichwa kingine chochote. Reli ya kawaida yenye futi 4 na inchi 8.5 ingetakiwa iwe milimita 18.83 kwa skeli hiyo, lakini OO inatumia 16.5. Kwa kuwa fremu ya 08 iko nje, ukiitazama kwa mbele utaona uwazi kati ya gurudumu na fremu ambao kichwa halisi hakina. Wanaokereka huhamia EM (reli za milimita 18.2) au P4 (18.83), skeli ni ileile. Kwa mkusanyiko wa kuanzia, mimi nisingehangaika nayo.

Kitu cha kuhangaika nacho ni chasisi. Chukua kalipa (kipimio cha milimita chenye taya) upime: magurudumu ya 08 ni futi 4 na inchi 6, kwa hiyo kwenye modeli yawe milimita 18, kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho ni futi 11 na inchi 6, yaani milimita 46. Zipo modeli za zamani zilizovalishwa bodi ya 08 juu ya chasisi ya kichwa cha mvuke, fremu ikawa ndani ya magurudumu na vipimo vikawa vya kubahatisha. Modeli iliyotengenezwa kwa haki ina fremu nje, mikono ya kranki imetokeza kwenye ncha za ekseli, na fito za kuunganisha zimefungwa kwenye hiyo mikono.

Kuhusu kipindi. 08 zilijengwa kati ya 1952 na 1962, jumla 996, kwenye karakana za Derby, Crewe, Darlington, Doncaster na Horwich. Zilianza na namba za 13000 na kuendelea, zikawa D3000 na kuendelea, herufi D ikaachwa kuanzia 1968 mvuke ulipokwisha, halafu kuanzia 1973–74 zikapewa namba za mtindo wa 08 xxx. Rangi: nyeusi mwanzoni, kisha kijani, kisha buluu tangu katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo modeli nyeusi yenye namba ya 08 xxx, au ya buluu yenye 13xxx, ina walakini mpaka uone picha ya kuithibitisha.

Rangi na namba hurekebishika. Milango ya chumba cha injini ndiyo inayoumiza: vichwa vya awali vilikuwa na milango ya mbao, vya baadaye ya chuma, na bawaba zake zinaonekana wazi kwenye modeli nzuri. Huwezi kuchukua bodi yenye milango ya chuma ukaibandika namba ya kichwa cha mwanzo ukategemea wajuzi wanyamaze. Tazama pia mabomba kwenye ubao wa bafa: vilivyotoka kiwandani na breki ya vakyumu peke yake, vingi baadaye viliongezewa breki ya hewa, na mabomba yakaongezeka. Picha utakayoitumia iwe na tarehe, na iwe ya pande zote mbili, maana masanduku ya ubavuni hayafanani kulia na kushoto.

Tahadhari ya mwisho: ndani ya mfululizo uleule wa namba za D3000 na kuendelea kulikuwa na vichwa vya injini ya Blackstone (Class 10), na vingine 26 vilivyofungwa gia za mwendo wa maili 27 kwa saa (Class 09). Kwa macho vinafanana na 08. Usichukue namba yoyote ukaibandika kwa sababu tu inaangukia humo.

---

SoldaNyembamba amejibu:

Nachukua swali la pili. Usinunue kapasita kwanza. 08 ina magurudumu sita ya kuchukua umeme. Kipande cha plastiki pale reli mbili zinapokatana ndani ya pointi kinaweza kukata gurudumu moja kwa wakati mmoja, labda mawili kwa bahati mbaya. Kama sita yote yanafanya kazi, modeli haina sababu ya kusimama. Ikisimama, jua kuna gurudumu ambalo halikuwa likifanya kazi tangu mwanzo, na pointi imeliumbua tu.

Fanya hivi. Toa bodi. Chomoa dekoda kwenye soketi. Weka multimita kwenye omu. Kwenye soketi ya pini 8, pini ya 8 (waya mwekundu) ni reli ya kulia, pini ya 4 (waya mweusi) ni reli ya kushoto. Gusa pini ya 8 kwa waya mmoja wa multimita, na kwa ule mwingine gusa ukingo wa kila gurudumu la kulia, moja baada ya jingine. Halafu pini ya 4 na yale ya kushoto. Unatakiwa upate omu moja au mbili. Ukipata namba inayorukaruka, pale ni uchafu. Usipopata kitu, kikwarizi (kile kipande chembamba cha chuma kinachogusa gurudumu na kuchukua umeme) hakigusi gurudumu au waya umekatika.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea: rudia kipimo hicho huku ukiisukuma ekseli upande wa kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Ekseli ya katikati ya shanta la magurudumu sita huachiwa uhuru wa kucheza kando, karibu milimita moja, ili modeli iweze kukata kona. Kikwarizi kilicholegea kinagusa ekseli ikiwa katikati na kuachia ikisogea. Kwenye reli iliyonyooka huoni kitu. Kwenye pointi, ambayo nayo ni kona, ekseli inasogea, kikwarizi kinaachia, na wakati huohuo gurudumu jingine liko juu ya plastiki. Shanta linasimama.

Kabla ya kukunja chochote, safisha. Alkoholi ya isopropili kwenye kijiti cha pamba, pitisha nyuma ya gurudumu pale kikwarizi kinapogusa na kwenye uso unaotembea relini. Ule utando mweusi ni mchanganyiko wa mafuta na unga wa chuma, na mara nyingi chanzo chake ni mafuta yaliyomiminwa kupita kiasi. Ekseli inahitaji tone la ukubwa wa kichwa cha pini, si zaidi, na yawe mafuta yasiyodhuru plastiki. Msasa usiuguse kabisa, si kwa reli wala gurudumu: mikwaruzo yake ndiyo inayokamata uchafu mpya.

Jaribio la mwisho ni la kioo. Weka modeli juu ya kipande cha kioo bapa, bonyeza kila kona kwa kidole. Ikiyumba, kuna ekseli iliyokaa juu au chasisi imepinda, na hapo hakuna kikwarizi kitakachokuokoa.

---

Dereva_wa_03 amejibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu kupima kwanza, ila naomba niongeze hesabu ya kapasita kwa sababu watu wanauziana matumaini.

Kapasita za tantalamu tano za maikrofaradi 220, volti 16, zikiungwa sambamba zinakupa 1100. Mota ikivuta ampea 0.1 na dekoda ikivumilia kushuka kutoka volti 14 hadi 6, unapata sekunde 0.09 hivi. Shanta likitambaa sentimita 2 kwa sekunde, hiyo ni chini ya milimita mbili. Inatosha kuvuka chembe ya vumbi. Plastiki ya pointi haivukwi hivyo.

Ukitaka nguvu ya kweli ni kapasita kubwa za faradi 1, volti 2.7, sita kwa mfululizo: jumla volti 16.2 na faradi 0.167, na hesabu ileile inakupa zaidi ya sekunde kumi. Kama umeme wa relini unazidi volti 16, weka saba. Ziunge na dekoda kupitia kipingamizi cha omu 100, na dayodi ya 1N4007 sambamba na kipingamizi hicho, upande wenye mstari ukielekea dekoda. Kipingamizi kinapunguza kasi ya kujaza. Bila hicho kifaa kinacholisha umeme relini kitadhani kuna shoti na kujizima, na programu ya dekoda itagoma. Dayodi inaruhusu umeme utoke bila kizuizi pale unapohitajika. Na ujue kuwa soketi ya pini 8 ina waya wa buluu ambao ni chanya, lakini haina hasi ya dekoda. Hasi lazima ulehemu kwenye bodi ya dekoda yenyewe, na kama mkono wako bado unatetemeka na chuma cha kulehemu, mpe fundi.

Tatizo ni nafasi. Kapasita sita hazitaingia kwenye 08 yenye uzito wa chuma ndani yake, na kutoa uzito ni kosa kubwa kuliko kukwama. Vichwa halisi vimeshatuonyesha njia. Class 03, shanta dogo la nguvu farasi 204 na injini ya Gardner 8L3, lina futi 9 tu kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa ufupi huo kulikuwa na hatari saketi za reli (umeme wa relini unaotambua treni iko wapi) zisiligundue, signali zikaonyesha njia ni wazi wakati kichwa kimesimama hapo. Ndiyo maana 03 na 04 nyingi zilitembea zimeunganishwa na kibehewa kifupi cha washunti: ekseli za ziada, mguso wa uhakika zaidi relini.

Kwenye modeli, behewa hilohilo linaponya ugonjwa uleule. Weka vikwarizi kwenye ekseli zake mbili, pitisha waya mbili laini hadi kwenye shanta, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto, na kiunganishi kidogo cha pini mbili katikati ili uweze kuvitenganisha. Kapasita zikae humohumo chini ya mzigo wa bandia. Hapo kiunganishi kiwe cha pini nne. Kwa 03 ya milimita 36 kutoka ekseli hadi ekseli, ni dawa nzuri kuliko zote, na tena ina ushahidi wa picha.

Na kwa wenye sauti: 03 halisi ina gia tano. Kama modeli ya 03 inapanda kasi kwa mlio mmoja mrefu bila kubadili gia, hiyo sauti imeazimwa kwa kichwa kingine. 08 ni dizeli-umeme, haibadili gia. V 60 inapeleka nguvu kwa majimaji, mtambo wa kampuni ya Voith, kwa hiyo injini hunguruma kwanza, kichwa kikafuata baadaye kidogo.

---

NjiaYaPili:

Asanteni sana. Nimepima. Magurudumu ya mbele na nyuma yote yako omu moja na ushee. Ekseli ya katikati upande wa kushoto haisomi kitu nikiisukuma kushoto. Nikunje kikwarizi kiasi gani? Na je, mwendo sahihi wa 08 ni upi, maana ikifunguliwa yote inakimbia kama treni ya abiria.

---

SoldaNyembamba amejibu:

Basi ugonjwa umeupata. Geuza modeli chali juu ya sponji, fungua bamba la chini. Kamata kikwarizi kwa kibano karibu na shina lake, pale kinapotoka kwenye bamba, ukisogeze kuelekea nyuma ya gurudumu. Ukikunja karibu na ncha utapata pembe kali inayokwaruza. Kipimo: ekseli ikiwa imesukumwa mbali kabisa, kikwarizi bado kiegemee gurudumu kwa upole, ikirudi upande wa pili, gurudumu lizunguke kwa kidole bila kukaza. Ukizidisha, gurudumu la katikati litaburuzwa na fito badala ya kuzunguka vizuri, na shanta litaanza kudundadunda. Kama kikwarizi kimechoka na hakishiki umbo, weka kipya cha waya wa fosfa-bronzi wa milimita 0.3.

Usivute mikono ya kranki kwenye ncha za ekseli wakati unafanya kazi hiyo. Imebanwa tu kwenye ekseli, na lazima upande wa kulia upishane na wa kushoto kwa nyuzi 90. Mmoja ukizunguka kidogo tu, fito zinakaba mara moja kila mzunguko, na utatafuta kosa kwenye mota wakati liko nje mbele ya macho yako.

Mwendo: 08 nyingi ziliwekewa kikomo cha maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24. Kwa OO hiyo ni sentimita 8.8 kwa sekunde. Weka alama mbili umbali wa mita moja; shanta likiwa wazi kabisa lichukue sekunde 11 hivi kutoka alama hadi alama. V 60 kwenye gia ya kushanti ina kilomita 30 kwa saa, sekunde kumi na nusu kwa mita katika H0. Kwenye gia ya njia kuu kilomita 60, nusu ya muda huo.

Kwenye dekoda anza na CV5, ile ya kasi ya juu (CV ni namba za mipangilio ya dekoda). Isome kwanza ujue mtengenezaji anatumia kipimo gani, maana wengine huhesabu hadi 255 na wengine hadi 64, kisha ishushe mpaka saa ikubaliane nawe. Halafu CV2, ya mwendo wa kuanzia: weka hatua 128 za mwendo, toa hatua ya 1, panda moja moja mpaka magurudumu yaanze kuzunguka bila kushtuka. CV3 na CV4, za kuongeza na kupunguza mwendo, kwa shanta weka ndogo kwenye kusimama kuliko kwenye kuondoka. Shanta lisiloweza kusimama pale unapotaka litagonga mabehewa kila siku. Fanya yote hayo modeli ikiwa imetembea kila upande kama dakika ishirini, ikiwa na joto lake la kazi. Ukipima ikiwa ya baridi utapanga namba ambazo baadaye zitakuwa na haraka mno.

---

Mzee_wa_Yadi amejibu:

Naona swali la tatu na la nne limeachwa kwangu.

Namba 260 109-7 si sahihi, na huhitaji kitabu kujua. Tangu tarehe 1 Januari 1968 reli ya Ujerumani Magharibi ilitumia namba za kompyuta, na tarakimu ya mwisho baada ya kistari ni ya uhakiki. Chukua zile sita: 2 6 0 1 0 9. Zidisha kwa 1, 2, 1, 2, 1, 2 kwa mpangilio. Unapata 2, 12, 0, 2, 0, 18. Jibu lenye tarakimu mbili lijumlishe ndani kwa ndani: 12 inakuwa 3, 18 inakuwa 9. Jumla 2+3+0+2+0+9 ni 16. Toa kwenye kumi inayofuata, yaani 20: jibu ni 4. Kwa hiyo ilitakiwa 260 109-4. Aliyebandika alichukua stika zilizobaki kwenye karatasi.

Na usidhani tarakimu hiyo hubaki ileile daima. V 60 nyepesi ziliitwa 260 na nzito 261 mwaka 1968. Mwaka 1987 zikahamishiwa kundi la vichwa vidogo zikawa 360 na 361, hatua iliyowezesha ziendeshwe na wahudumu wa vichwa vidogo badala ya madereva kamili. Ukikokotoa 360 109 unapata 3. Mtu akibadilisha tarakimu ya kwanza tu na kuacha ya mwisho, utamkamata hapohapo. Baadaye zikaja 364 na 365 zenye udhibiti wa redio, na 362 na 363 zilizowekewa injini mpya. Modeli ya 365 isiyo na antena juu ya kibanda, iulize maswali.

Rangi nazo: buluu-bahari na krimu zilianza 1974, kwa hiyo haziwezi kuandamana na namba ya V 60 ya kabla ya 1968. Nyekundu iliyokoza ya zamani ikiandamana na 365, ina walakini mpaka uone picha.

Kurekebisha tarakimu moja hakuhitaji kufuta namba nzima. Lowesha ile 7 kwa kilainisha-stika, acha dakika chache, kwangua taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, si wembe. Kabla ya kugusa ubavu wa bodi, jaribu dawa yako sehemu ya ndani isiyoonekana; isopropili inaweza kung'oa rangi ya kiwandani. Paka varnishi ya kung'aa pale tu unapoweka stika, ibandike, ikikauka funika kwa varnishi isiyong'aa sana. Stika ikibandikwa juu ya rangi kavu isiyong'aa, hewa hubaki chini yake na utaona ukingo wa fedha kuizunguka. Huo ukingo ndio unaowaumbua wabandikaji wengi kabla hata ya hesabu.

Sasa kununua. Kitu cha kwanza ninachotazama ni chasisi. Aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi kiwandani huoza kutoka ndani. Inavimba, inapinda, inapasuka nyufa kama utando wa buibui, na unyevu huharakisha. Hakuna dawa, wala gundi haisaidii. Dalili za nje: bodi haikai sawa kwenye fremu, ubao wa bafa umeinama, urefu umezidi kwa nusu milimita au zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda na kalipa. Modeli ikiwa mpya kwenye boksi haina maana iko salama. Nyingine huoza bila kuwahi kutembea.

Pili, sikiliza. Itembeze taratibu. Mlio wa tak, tak, tak unaolingana na mzunguko wa gurudumu ni gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Plastiki husinyaa kwa umri, ekseli ya chuma haisinyai, ufa unatokea katikati ya meno mawili. Gia ya kubadilisha ikipatikana ni kazi ndogo. Isipopatikana umenunua pambo. Kwa hiyo ulizia gia kwanza, bei baadaye.

Tatu, pima mkondo. Modeli ya kisasa ikitembea peke yake kwenye reli bapa huvuta ampea 0.1 hadi 0.2. Ikivuta 0.4 na zaidi, ama grisi ya zamani imekauka kama nta, ama fito zinakaba, ama mota imechoka. Grisi ndiyo bora kuliko zote tatu, kwa sababu inasafishika.

Nne, tazama magurudumu kwa pete za mpira. Zinaongeza mvuto lakini gurudumu lenye pete halichukui umeme. Shanta la magurudumu sita lenye pete mbili limebaki na manne, na la manne lenye pete mbili limebaki na mawili. Na nafasi kati ya migongo ya magurudumu iwe milimita 14.4 hadi 14.5 kwa OO na H0. Ikipungua itapanda juu ya pointi, na utalaumu reli bure.

Ukishanunua, usiliache kwenye sponji la zamani la boksi. Sponji hilo likizeeka huyeyuka na kushika rangi ya bodi. Tia karatasi laini katikati, na kipakiti cha kunyonya unyevu.

---

NjiaYaPili:

Kikwarizi kimekaa, sasa inavuka pointi ikitambaa. Nimepima nafasi ya magurudumu ya V 60 kwa kuwa kalipa ilikuwa mkononi: ekseli mbili ziko 14.4, ya nyuma 14.1. Naweza kuitanua bila kuvuruga fito?

---

Ekseli3 amejibu:

Unaweza, lakini V 60 ina shafti isiyo na gurudumu, ambayo kwenye kichwa halisi ndiyo inayosukuma fito. Piga picha ya fito za pande zote mbili kwanza, toa skrubu za ekseli hiyo ya nyuma tu, na uweke alama ya kalamu kwenye gurudumu na kwenye ekseli zikiwa zimelingana. Tanua kwa kuzungusha kidogo huku ukivuta moja kwa moja, gurudumu moja upande mmoja, usogeze 0.15 kisha ufanye vivyo hivyo upande wa pili ili libaki katikati. Alama zako zikiwa hazikulingana ukimaliza, rudisha kabla ya kufunga fito. Na pima sehemu tatu za mzunguko: ikisoma 14.4, 14.4, 14.2, gurudumu limekaa mshazari.